Paka shume wa uani kwetu: Sumu ya buku mbili ilivyotuumbua

Msomaji wangu, hebu tuambizane ukweli. Umewahi kulala chumbani kwako, saa nane za usiku, ukasikia kitoto kinalia juu ya dari? Si mtoto wa mtu, kitoto cha paka. Sauti nyembamba kama sindano, inakatika, inaanza tena. Usiku wa kwanza unajifunika shuka. Usiku wa pili unafungua redio. Usiku wa tatu, kama wewe ndiye uliyeandika kwa mkono wako orodha ya michango ya kumnunulia mama yake sumu, hapo ndipo utajua kwamba usingizi nao una mwenyewe.

Orodha niliiandika mie. Si unajua tena, kwenye nyumba ya kupanga aliyefika kidato cha nne ndiye katibu wa kila kitu, kuanzia bili ya maji hadi rambirambi.

Nyumba yetu iko Temeke. Vyumba tisa, choo kimoja, uani kuna mwembe, na chini ya mwembe yupo mama mkaanga samaki. Kila jioni mafuta yanachemka, vibua vinalia kwenye karai, vichwa na matumbo yanarushwa nyuma ya ukuta. Sasa wewe ungekuwa paka ungehamia wapi? Walikuwapo saba. Dume kubwa la rangi ya majivu, sikio limechanika, tulimwita Kamanda. Jike jembamba lenye kidevu cheupe tukambandika jina la Bi Kidevu. Waliobaki hawakuwa na majina wala mwenyewe, ni paka shume tu, ukiwasogelea wanakutolea meno.

Kero zilikuwapo, sitaki kusema uongo. Usiku juu ya bati ilikuwa kama wanagombea urithi. Mlango wa fundi redio ulikojolewa mpaka akawa anauosha kwa sabuni ya unga kila asubuhi. Siku moja Kamanda akaingia kwa binti wa chumba namba nne, akaondoka na samaki mzima aliyetayarishiwa mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa mchumba! Basi siku hiyo hiyo jioni kikao kikaitwa.

Kikao kilichukua dakika kumi. Mia tano kila chumba, jumla elfu nne na mia tano. Buku mbili sumu, elfu moja na mia tano dagaa, na ile elfu iliyobaki wakanunuliwa watoto maandazi. Mzee wa chumba cha mbele peke yake ndiye aliyesema, "Wanangu, mimi simo," akaingia ndani na kufunga mlango. Tukaona uzee tu unamsumbua. Sumu tukainunua kwa yule kijana anayepita na kipaza sauti, dawa ya panya, ya mende, ya kunguni. Kifuko cha nailoni hakina jina wala maelezo.

Asubuhi tuliokota watano. Sitaeleza walivyokuwa. Itoshe kusema kwamba mnyama anayekufa kwa sumu ile halali usingizi akasahau kuamka, kama tulivyoambizana kwenye kikao. Ukuta ulikuwa na alama za kucha. Bi Kidevu tulimkuta nyuma ya pipa la maji, na hapo mama mkaanga samaki akamgeuza kwa fimbo, akashika kiuno, akasema taratibu, "Jamani, huyu alikuwa ananyonyesha."

Kabla hatujamjibu tukasikia kelele. Mtoto wa chumba namba tatu, ana mwaka na nusu, amekaa karibu na karo la kufulia na dagaa mkononi. Mama yake alimrukia kama mwewe. Dagaa likatolewa, mdomo ukasuguliwa kwa maji, tukabebana na bodaboda mpaka hospitali. Nesi alituuliza swali moja tu, "Sumu gani?" Tukatazamana. Kifuko tulikwishakitupa, na hata tungekuwa nacho hakikuandikwa kitu. Mungu ni mkubwa, mtoto alikuwa hajaweka mdomoni. Walimweka wakimtazama mpaka jioni, akarudi anacheka. Sisi wengine hatukucheka. Kwa hiyo nawe, ikitokea bahati mbaya kama hiyo nyumbani kwako, kimbia hospitali na kifuko chenyewe mkononi, usikae kubishana kuhusu maziwa na mkaa.

Ndipo vilio vya darini vikaanza. Siku ya tatu nikaazima ngazi, nikatoboa ubao wa dari na tochi mdomoni. Walikuwa watatu kwenye kona, juu ya gunia kuukuu. Mmoja alikwishakauka. Wawili nikawashusha ndani ya fulana yangu.

Nilipomfikishia daktari wa mifugo wa mtaa wa pili, kazi yake hasa ni kuku wa mayai na ng'ombe wa maziwa, alinitazama kwanza mimi, kisha vitoto, kisha mimi tena. "Mama yao yuko wapi?" Nikaeleza. Hakunigombeza. Alivuta kiti, na darasa alilonipa siku hiyo shule hatukupewa.

Kwanza malezi yenyewe. Vitoto vilikuwa vimefumbua macho, kwa hiyo vimepita siku kumi hivi. Maziwa ya ng'ombe matupu yanawaharisha, na kitoto cha paka kikiharisha siku mbili hakifiki ya tatu. Kuna maziwa maalumu ya unga ya vitoto vya paka, ukiyapata ndiyo hasa. Unanyonyesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo, kila saa tatu hivi mchana na usiku. Kitoto kilale kifudifudi wakati wa kunywa, ukikilaza chali kama mtoto wa binadamu maziwa yanaingia mapafuni. Chupa ya maji ya moto ifungwe kitambaa iwekwe pembeni, maana wadogo hivyo hawawezi kujipasha joto wenyewe. Halafu lile ambalo sikulitarajia: kila baada ya kula umsugue kwa pamba yenye unyevu chini ya mkia, ndipo akojoe. Mama yake humlamba. Sasa mama yake ni wewe! Nikajiona ndani ya wiki tatu zile, mwanamume mzima mwenye ndevu, naweka saa ya kengele iniamshe nikamkojoze paka. Majirani walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuniletea vitambaa.

Pili, akaniambia neno ambalo nililichukulia kama utani: "Miezi miwili haitaisha, mtakuwa na paka wengine."

Haikuisha. Wiki ya kwanza uani kulikuwa kimya. Wiki ya pili tukaanza kusikia mbio nyingine darini, nyepesi zaidi. Paka akiondoka panya hutawala, wahenga hawakuwahi kupanga Temeke lakini waliijua. Panya walitoboa gunia la mchele la mama ntilie wa chumba namba saba, wakatafuna waya wa redio za wateja wa fundi. Fundi yule yule aliyechanga wa kwanza! Kisha wakaja paka. Kamanda alirudi, amekonda, lakini hai. Nyuma yake wageni sita hatujawahi kuwaona, majike manne humo, na wawili kati yao matumbo yanaburuza.

Nikarudi kwa daktari, safari hii na daftari. Akasema paka shume hawakai mahali kwa bahati mbaya, wanakaa palipo na chakula na pa kujificha. Ukiua watano na vichwa vya samaki bado vinarushwa nyuma ya ukuta, umetangaza nafasi tano za kazi. Waliokuwa wakifukuzwa na Kamanda na wenzake sasa njia nyeupe. Na vile chakula kimebaki kingi kwa wachache, watakaozaliwa nao wanapona wengi zaidi. Huko Tasmania, Australia, watafiti walijaribu miaka ya 2010 kuwapunguza paka pori kidogo kidogo kwa mitego. Kamera walizotega zikaonyesha paka wameongezeka pale pale walipokuwa wanatolewa.

Kuna kisa kingine nimekisoma na kimenikaa. Katika Bahari ya Hindi, kusini kabisa karibu na nchi ya barafu, Afrika Kusini ina kisiwa kinaitwa Marion. Ni kidogo, kilometa za mraba 290 hivi, Unguja ni zaidi ya mara tano yake. Mwaka 1949 walipelekwa huko paka watano kukomesha panya kwenye kituo cha hali ya hewa. Watano tu! Kufikia mwaka 1977 walikadiriwa kuwa 3,400 hivi, wanakula ndege wa baharini kwa malaki kila mwaka. Serikali ikaamua kuwamaliza. Kwanza wakaachiwa ugonjwa wa virusi unaoua paka, mwaka huo huo wa 1977. Waliobaki wakawindwa usiku kwa bunduki na taa, wakategewa mitego na sumu. Paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991. Hesabu miaka hiyo ni kumi na minne, kwenye kisiwa ambacho hakuna jirani wa kuleta paka mwingine, hakuna soko na hakuna mama mkaanga samaki. Sisi tulitaka kuifanya kazi hiyo Temeke kwa buku mbili na dagaa!

(Na panya wadogo wa Marion? Wapo mpaka leo, na siku hizi wanawatafuna vifaranga vya ndege wale wakubwa wa baharini wakiwa hai kwenye viota. Lakini hiyo ni hadithi nyingine.)

Sasa tuingie kwenye mambo ya chumbani, maana najua kuna wanaosoma ukurasa huu kwa ajili hiyo. Zile kelele za usiku wa manane ambazo mtu anaamka anarusha kiatu, hazina jini ndani yake. Uume wa paka dume una vijimiba, na jike anapopiga ukelele ule mwishoni ana sababu zake. Vijimiba hivyo ndivyo vinavyoustua mwili wake ukaachia mayai, kwa hiyo ni nadra jike aliyepandwa sawasawa kutoka bure. Na kwa kuwa anaweza kupandwa na madume kadhaa katika siku hizo hizo, katika uzao mmoja kila kitoto kinaweza kuwa na baba yake. Hapo hata mjumbe wa nyumba kumi hasuluhishi.

Mimba ni siku 63 hadi 65 hivi. Jike huanza mapema sana, wengine miezi minne au mitano tu, yeye mwenyewe bado kitoto. Anaweza kushika nyingine angali ananyonyesha. Huko Ulaya, jua linapofupika wakati wa baridi, majike hupumzika miezi kadhaa. Kwetu karibu na ikweta mchana ni karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo likizo hawana.

Usije lakini ukanitisha na ile hesabu inayozungushwa kila mahali kwamba paka mmoja na uzao wake wanafika laki nne na ushee kwa miaka saba. Ingekuwa kweli, Dar es Salaam nzima tungekuwa tunatembea juu ya paka. Ukweli ni mchungu zaidi. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004, wataalamu walifuatilia vitoto 169 vya paka wasio na mwenyewe. Kabla ya kutimiza miezi sita, 127 walikuwa wamekufa au wamepotea. Robo tatu! Wanagongwa na magari, wanaliwa na mbwa, wanakufa kwa mafua ya macho na njaa. Kwa hiyo ukiona paka hawaongezeki mtaani kwako usidhani hawazai. Wanazaa, wanakufia kwenye mitaro tusikopita.

Dawa yake, alisema daktari, ni kuhasi. Unawanasa paka wale wale, madume yanahasiwa, majike yanafungwa kizazi, wanachanjwa kichaa cha mbwa, kisha unawarudisha pale pale ulipowatoa. Neno la kurudisha ndilo linalowashinda watu. Lakini wakirudi wanashika eneo lao, wageni wanapata shida kuingia, panya wanakaa kwa adabu, na kelele za ndoa zinakwisha kwa kuwa ndoa yenyewe imekwisha. Hata mkojo wa dume lililohasiwa haunuki vile. Waingereza walianza mtindo huu miaka ya 1970. Italia ilitunga sheria mwaka 1991 inayokataza kuwaua paka wasio na mwenyewe, wahasiwe na kurudishwa walikokuwa. Pale Roma wamejaa kwenye magofu ya Largo di Torre Argentina, mahali alipochomwa visu Kaizari, yule yule ambaye Mwalimu Nyerere alitutafsiria tamthilia yake. Siku hizi paka wanaota jua juu ya nguzo zilizoanguka na watalii wanawapiga picha.

Wapo wataalamu wanaoupinga mtindo huu, haki yao. Wanasema paka aliyehasiwa bado anawinda, na kwenye visiwa vyenye ndege adimu hakuna muda wa kusubiri wazeeke. Ukihasi wawili kati ya kumi nako ni kupoteza hela, inabidi uwapate walio wengi, na ukisikia asilimia 70 usidhani imezidi. Mie nakubali. Ila uani kwetu ndege adimu ni kuku wa mama mwenye nyumba, naye anajilinda mwenyewe.

Basi nikaitisha kikao cha pili. Cha kwanza kilikuwa dakika kumi, hiki kilikula saa mbili na nusu.

"Yaani nitoe hela nikamfunge kizazi paka, mimi mwenyewe hela ya uzazi wa mpango sina?" Huyo ni mama ntilie, na watu wakapiga makofi. Fundi redio akasema ni dhambi kumkata kiumbe kile alichopewa na Mungu. Nikamuuliza, na sumu je? Akanyamaza, akaanza kuchokonoa kucha.

Aliyetuokoa ni mzee wa chumba cha mbele. Alitoka na kofia yake, akakaa juu ya kinu, akazungumza bila kupandisha sauti. Akatukumbusha habari ya yule mwanamke ambaye Mtume alieleza kwamba aliadhibiwa kwa kumfungia paka ndani, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Akatueleza kwamba Abu Huraira, tunayemsikia kila Ijumaa, hilo jina maana yake ni baba wa kipaka. Na kwamba paka akinywa maji ya udhu hayanajisiki, kwa sababu amehesabiwa katika wale wanaozunguka miongoni mwetu majumbani. Kuhusu kuhasi alisema wazi kwamba masheikh wanatofautiana, wapo wanaokataza, wapo wanaoruhusu pakiwa na haja na mnyama hadhuriki. "Lakini dagaa mlilotega," akasema, "hilo hawakutofautiana." Kisha akatoa elfu tano mfukoni, akaiweka juu ya daftari langu. Kumbe ile siku ya kwanza hakuwa mzee asiyejua dunia.

Mama wa yule mtoto wa chumba namba tatu alitoa wa pili. Nilipofunga orodha, hata fundi alikuwamo. Tena nikawasomea kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, namba 19 ya mwaka 2008, na ukatili kwa mnyama ni kosa. Wengi walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza. Nami pia nilikuwa nimeijua wiki hiyo hiyo, usiniulize.

Gharama sikuficha. Kwa daktari wetu, na alitupunguzia, jike mmoja alikula bei ya kuku wawili wa kienyeji, dume nusu yake. Kwa hiyo hatukuwafanya wote kwa mkupuo, tulikwenda kwa awamu, mwisho wa mwezi hadi mwisho wa mwezi, majike kwanza.

Fundi wa kuchomelea alitutengenezea kizimba cha wavu chenye mlango wa kudondoka, ndani kuna kibati cha kukanyaga. Siku ya kwanza tukanasa kuku wa mama mwenye nyumba. Siku ya pili, kuku yule yule. Daktari akatuambia tuache kurusha vichwa vya samaki kutwa nzima, mnyama aliyeshiba haingii mtegoni, na anayekwenda kupigwa sindano ya usingizi inatakiwa awe hajala. Tukafunga jiko la paka siku moja. Usiku huo wakaingia wawili, mmoja baada ya mwingine. Siri nyingine ni khanga: ukishamnasa funika kizimba chote. Paka akiwa gizani anatulia. Usipofunika anajigonga pua mpaka damu. Na usithubutu kutia mkono. Ukiparuzwa au kuumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye anaambukiza.

Dereva wa bajaji alipoona khanga inatikisika aliuliza mara mbili kama ni jini. Tukamwongeza mia tano.

Nilishuhudia upasuaji wa kwanza. Ile sindano ya usingizi inamwacha paka macho wazi kabisa, hapepesi. Nikadhani amekufa, nikashika meza. Daktari akacheka, akampaka mafuta ya macho yasikauke. Tumbo linafunguliwa kitundu cha sentimeta chache tu, mayai yanatolewa, nyuzi zinazoyeyuka zenyewe, kazi imekwisha. Dume ndiyo kabisa, dakika chache. Mwisho, angali usingizini, anakatwa ncha ya sikio la kushoto, kidogo tu, mstari ulionyooka. Hiyo ndiyo hati yake. Ukimwona paka wa namna hiyo mtaani ujue amekwishapita kwa fundi, usimpeleke kufunguliwa tumbo mara ya pili. Wanalala hapo usiku mmoja, kesho yake wanarudi. Dume usimwamini mara moja lakini, anaweza kubaki na akiba ya wiki kadhaa.

Mmoja alitupa mtihani. Yule jike wa madoadoa alipolazwa mezani daktari alimpapasa, akanyanyua kichwa: mimba ni pevu, vitoto vinacheza. Unaweza kukata na kutoa vyote, alisema, wengi hufanya hivyo. Akasubiri tuamue. Nilikuwa na mama mkaanga samaki. Alinitazama, akasema, "Mwanangu, mimi za Bi Kidevu zinanitosha." Tukamrudisha akiwa na mimba yake. Alizaa wanne, wakapona wawili, tukawapeleka kwa mwenye duka la nafaka ambaye alikuwa anawatafuta, naye tukamfunga kizazi baada ya kuwaachisha. Tulipatia? Tulikosea? Wawili walikufa mbele ya macho yetu wiki ya tatu, pamoja na maziwa yote yale. Sijui kama kikao kingine kingeamua vingine.

Hao sita walioingia, na Kamanda wa saba, wote wamekwisha sasa. Kamanda ndiye aliyetusumbua kuliko wote, alinaswa mwezi wa tano. Siku hizi amenenepa, analala juu ya tangi, sikio moja limechanika na la pili limenyooka kama limekatwa kwa rula. Paka mgeni huwa anatokea mara moja moja, wengi wanakuja na mifuko. Maana kuna tabia, nawe unaijua, ya mtu kuchukua vitoto vya paka, kuvifunga kwenye kiroba na kwenda kuvitupa sokoni au kando ya barabara ya mtaa wa wenzake, akisema "watajijua wenyewe". Hawajijui. Wanalia, kama wale wa darini.

Zamani bibi zetu walitusimulia habari za nunda, paka wa sultani aliyeanza kwa kula kuku na kila akishtakiwa sultani anasema mwacheni, wangu huyo, mpaka akahamia porini na kuanza kula watu. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namwogopa paka. Siku hizi nikikumbuka hadithi ile namfikiria sultani.

Wale wawili niliowashusha kwenye fulana wapo. Dume alichukuliwa na binti wa chumba namba nne, yule wa samaki wa mchumba. Ndoa ilifungwa, na paka alikwenda naye. Jike nimebaki naye mimi, ana kidevu cheupe. Yule mtoto wa chumba namba tatu, sasa anazungumza, anamwita "Dagaa". Mama yake akisikia huwa anageuka upande mwingine.

Juzi Jumamosi yule kijana wa kipaza sauti alipita tena na kifuko chake, dawa ya panya, ya mende, ya kunguni. Akasimama mlangoni. Mama mkaanga samaki alikuwa anagawa vichwa kwenye sinia, maana sasa wanakula saa kumi na moja, mara moja, na sinia linaoshwa. Hakunyanyua hata uso.

"Pita tu baba," akamwambia. "Hapa tumejaa."